Mwongozo Kamili wa Kuandika Wasifu wa Bibi: Kuanzia Usiku wa Msiba Hadi Kitabu cha Ukoo

Ukihudhuria misiba mingi ya Dar es Salaam utazoea wasifu mmoja unaobadilishwa majina tu. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaolewa na kujaliwa watoto, alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Kisha akaanza kusumbuliwa na presha na sukari, akapelekwa hospitali hii, akahamishiwa ile, mpaka mauti yalipomkuta alfajiri. Nusu ya karatasi ni ugonjwa. Mwanamke aliyeulea ukoo mzima anapewa sentensi mbili, tena za sifa ambazo jirani yake naye atasomewa siku yake ikifika.

Tazama jinsi msiba unavyokaa utaelewa kwa nini. Kamati iko nje chini ya turubai, wanaume kwenye viti vya plastiki, wanapanga michango, jeneza, magari na chakula. Katikati ya hayo mmoja anaambiwa, "Mwalimu, hebu tuandikie wasifu." Wanaomjua marehemu kweli wako ndani, wamekaa mikekani wamejitanda kanga, na hakuna anayewauliza kitu. Karibu kila ninachokueleza hapa kinatokana na hilo: anayeandika aingie ndani.

Usiku wa kwanza: karatasi ya kusomwa

Msiba wa Kikristo utakupa siku mbili tatu, pengine zaidi kama mwili unasafirishwa kwenda Moshi, Bukoba au Mbeya. Wasifu husomwa wakati wa kuaga, na ratiba huwa imebana, kwa hiyo jipangie dakika tano. Maneno kama 500 yakisomwa kwa utulivu yanatosha muda huo.

Msiba wa Kiislamu hausubiri. Mpaka upate kalamu, bibi ameshazikwa, na wasifu si sehemu ya mazishi, kwa hiyo usilazimishe. Nafasi yako ni kwenye hitima, au arobaini kwa familia zinazoifanya. Hata hapo mwulize kwanza imamu au mzee wa familia kama inafaa kusema maneno machache kabla ya dua. Wapo wasiotaka, na wana sababu zao.

Nani aandike? Si mtoto wa kwanza. Huyo ana uchungu na kamati yote inamtegemea. Mimi humpendekeza mjukuu aliyelelewa na bibi, au mkwe wa kike aliyekaa nyumba moja na mama mkwe wake. Mkwe anajua mengi na hababaiki sana na machozi. Mpe daftari la karatasi. Simu usiku huo haishikiki, kila dakika inaita pole.

Anza na majina, yote: alilopewa alipozaliwa, la ubatizo, la baba na babu yake, lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, na ya mtaani. Usiyadharau ya mtaani. Kuna watu watakaokuja makaburini Kinondoni au Kisutu ambao hawajawahi kusikia jina lake la kwenye vyeti. Wao walimjua kwa jina la mtoto wake mkubwa, au la biashara yake.

Kisha hesabu ya watoto, na hapa ndipo misiba inapoharibika. "Ameacha watoto saba" ni hesabu inayowafuta waliotangulia. Andika alijaliwa watoto tisa, wawili wametangulia mbele za haki, ameacha saba. Halafu kuna mtoto wa kabla ya ndoa, watoto wa mume aliowalea yeye, na yule wa marehemu mdogo wake aliyekuja akiwa mchanga akakulia hapo. Mambo haya hayaamuliwi na kamati. Mfuate mama mkubwa au shangazi mwenye umri kuliko wote, faraghani, umwulize. Kwa maoni yangu, aliyeita mama humo ndani asomwe. Nimewahi kumwona mtu mzima amesimama nyuma ya turubai akisubiri jina lake, karatasi ikamruka ikaenda kwa wajukuu. Alitazama chini mpaka mwisho wa ibada.

Wajukuu, vitukuu na vilembwe wahesabu tu, usiwataje mmoja mmoja. Ugonjwa upewe mistari miwili. Kama familia inataka kuwashukuru madaktari na wauguzi, hilo liende kwenye neno la shukrani, linasomwa na mtu mwingine.

Nafasi uliyookoa, ijaze na siku yake moja ya kawaida. Hapa ndipo wasifu unapopata mtu. Badala ya "alikuwa mchapakazi na mkarimu", andika kitu kama hiki:

"Kwa miaka mingi taa ya kwanza kuwaka uani kwetu Temeke ilikuwa ya jikoni kwake. Saa kumi alfajiri alikuwa ameshawasha jiko, saa kumi na mbili sinia la vitumbua liko barazani. Kitumbua cha kwanza hakikuuzwa. Kilikuwa cha mtoto yeyote aliyepita kwenda shule bila chai, na hakuuliza ni mtoto wa nani."

Neno mkarimu halimo, na hakuna atakayelikosa.

Siku za tanga: kaa mkekani

Baada ya mazishi, mpaka matanga yaanuliwe, ndugu wanalala msibani. Wametoka Kilwa, Morogoro, Tanga, na wengine hamjaonana tangu harusi ya mtu ambaye sasa ana wajukuu. Hawatakusanyika tena hivi mpaka msiba mwingine, na kwenye huo mmoja wao ndiye atakayekuwa amelala. Kazi kubwa ya kukusanya ifanyike siku hizi.

Nenda wanakochambua mchele na kumenya vitunguu. Mikono ikiwa na kazi midomo inafunguka. Kama wewe ni mwanamume, mtume dada yako au mkeo, maana kuna mambo hayatasemwa ukiwepo. Amkia kila mtu ipasavyo, kaa chini, saidia kazi, kisha ombeni ruhusa kabla ya kurekodi: "Bibi, shikamoo. Naomba unisimulie habari za mwenzio, niwawekee wajukuu." Simu iwekwe mkekani ionekane. Kumrekodi mtu kwa siri msibani ni utovu wa adabu, na ikijulikana hakuna atakayekwambia tena kitu.

Wa kuwatafuta ni wifi zake, somo yake, shoga zake wa ujanani, jirani wa mlango wa pili na, kama yupo, mke mwenza. Huyu wa mwisho huachwa kwa aibu, na mara nyingi ndiye anayejua zaidi. Waliishi uani kumoja miaka mingi, hakuna siri ya sufuria asiyoijua.

Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Utajibiwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. Uliza maswali yasiyojibika kwa sifa. Alipofika mjini mara ya kwanza alishukia kwa nani? Chumba cha kwanza kilikuwa mtaa gani, na kodi alilipa nani? Fedha alificha wapi? Akikasirika alikuwa anafanya nini: anafoka, ananyamaza, au anafua? Chakula gani alikuwa hali, na kwa nini? Watoto aliwabembeleza kwa wimbo gani? Nani alikuja kukopa kwake usiku? Akijibu, usikimbilie swali la pili. Nyamaza kidogo, lililo zuri huja baada ya lile la kwanza.

Mambo ya unyago yaache yalipo. Inatosha kuandika kungwi wake alikuwa nani. Alichofundishwa si cha kitabu.

Watani nao wasikupite. Kwenye msiba wa Mzaramo atakuwepo Mnyamwezi wa kuvuruga kilio, kwa Wapare atatokea Mchaga, na hao wana ruhusa ambayo wewe huna. Mtani atajifunga kanga ya marehemu, atatembea kama yeye, atahesabu noti kama yeye, akilamba kidole na kuzigeuza zote sura upande mmoja kabla ya kukukopesha, na kukukumbusha deni kabla hujafika mlangoni. Watu wanacheka huku wanalia. Rekodi. Ndugu watasema alikuwa mkarimu, mtani atakuonyesha kwamba alikuwa pia mgumu wa fedha, na utagundua kuwa hizo ni habari za mtu mmoja.

Kuipata miaka

Wazee wengi hawatakupa mwaka, watakupa tukio. Kwa hiyo nenda na matukio yako. Siku ya uhuru, 9 Desemba 1961, alikuwa ameshaolewa? Muungano wa Aprili 1964 ulimkuta wapi? Azimio la Arusha, Februari 1967? Wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, alikuwa amebeba mtoto yupi mgongoni? Foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila mwanamke wa mjini wa umri huo anazikumbuka, na atakwambia nani alimshikia nafasi. Alikuwa wapi Waziri Mkuu Sokoine alipofariki, Aprili 1984?

Majina ya zamani ya mahali nayo yanapima miaka. Bibi aliyesema amejifungulia Princess Margaret anazungumzia hospitali ambayo leo ni Muhimbili. Anayesema Independence Avenue anakutajia barabara ya Samora. Kama alikuwa na kizimba Kariakoo, uliza kama ni kabla ya lile soko kubwa la zege kujengwa miaka ya 1970, au baada. Kama alipewa kitenge cha Urafiki siku ya harusi, harusi hiyo haikuwa kabla ya 1968, maana ndipo kiwanda kilipoanza.

Usisahau kuuliza kama alisoma kisomo. Serikali iliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wakikaa kwa vikundi kusikiliza na kuchimba vyoo. Wanawake wengi waliojifunza kuandika majina yao walijifunza katika madarasa hayo. Ni jambo kubwa maishani mwao, na karibu halisomwi kwenye wasifu hata mmoja, kwa sababu kwenye "elimu" tunaandika shule tu, na kama hakwenda tunaruka.

Vivyo hivyo vikundi. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kabla ya kuingia uongozi wa wanawake wa TANU mwaka 1955, na vikundi vya namna hiyo ndivyo vilivyosambaza habari za chama mitaani. Bibi yako huenda alikuwemo kwenye lelemama, kwaya, Umoja wa Wanawake (UWT) au upatu wa mtaa. Kikundi kina wanachama, na wanachama wengine bado wapo hai Magomeni na Buguruni wakisubiri kuulizwa.

Tahadhari moja ya tarehe: kitambulisho kinachosema alizaliwa 1 Januari au 1 Julai mara nyingi kimeandika makisio. Andika "takriban mwaka 1941". Kama alibatizwa, nenda ofisi ya parokia au usharika uombe kutazamiwa daftari la ubatizo. Litakuwa na tarehe, majina ya wazazi na ya wasimamizi, na kwa Wakatoliki mara nyingi pembeni kuna kumbukumbu ya kipaimara na ndoa.

Vitu vyake, kabla ya kugawana nguo

Nguo za marehemu zikishagawanywa hazirudi. Omba saa moja kabla ya hapo. Tandika mkeka penye mwanga wa kivuli, kunjua kanga moja moja, ipige picha nzima kisha ipigie picha jina lake karibu. Halafu uliza: hii alinunua lini, aliivaa wapi, na ilimlenga nani? Wanawake watatazamana, mmoja atacheka, na utapata habari ya ugomvi wa mwaka mzima uliopiganwa kwa maneno ya kanga bila mtu kufungua mdomo.

Tafuta madaftari. Bibi wengi wa mjini walikuwa vijumbe wa michezo, yaani wakusanyaji wa fedha za upatu. La bibi yetu lilikuwa daftari la shule lenye jalada la jedwali la kuzidisha, kurasa zimepigwa mistari kwa penseli: majina upande wa kushoto, alama ya vema kila aliyelipa, duara kwa aliyepokea. Kwenye majina mawili alama zinakoma katikati ya ukurasa, na mbele yake ameandika kwa herufi kubwa MSAMEHEWE. Hakuna aliyejua habari hiyo mpaka tulipomwonyesha jirani mmoja, akakaa kimya, kisha akasema mmoja wa hao wawili ni mama yake.

Picha za zamani zina adui wawili hapa Dar, unyevu na gundi. Picha iliyonatana na kioo cha fremu usiibandue, itachanika. Ipige ikiwa ndani ya kioo, kwa pembe kidogo ili isirudishe mwanga, bila kuwasha taa ya simu. Zilizolegea zipeleke stationari zikaskaniwe kwa dipiai 600 (kipimo cha ukali wa picha), nyuma na mbele, maana nyuma ndiko kuliko na muhuri wa studio na mwandiko. Kisha ziweke kwenye bahasha za karatasi. Mfuko wa nailoni unafuga ukungu. Majina ya waliomo yaandikwe kwenye bahasha, si mgongoni mwa picha kwa kalamu ya wino.

Sauti yake ina muda maalumu. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 hufutwa, na laini iliyolala muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine. Lakini ujumbe wa sauti aliowatumia uko kwenye simu zenu. Tangaza kwenye kundi la ukoo kila mtu atafute alizonazo, azihifadhi nje ya simu na kumtumia mtu mmoja wa kuzikusanya. Hata ile ya sekunde kumi ya kuuliza kama umekula.

Mapishi yanahitaji mzani. Usikubali "tia unga kiasi". Mwite binti aliyepika naye zaidi, mpe mchele uliolowekwa usiku, tui, hamira, sukari na iliki, mwambie apike kama bibi, na kila anachotaka kukimimina kipite kwanza kwenye kikombe au mzani wako. Atakereka. Endelea. Mwisho wa asubuhi utakuwa na vitumbua na karatasi yenye gramu.

Karatasi za serikali ni suala jingine, nitaligusa kidogo. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30 ili cheti kipatikane bila usumbufu. Hati za nyumba, kadi za benki na vyeti halisi vikae kwa msimamizi atakayependekezwa na kikao cha ukoo, wewe baki na nakala. Na kikao cha mirathi kisifanyike siku moja na kikao cha kumbukumbu. Mtu aliyetoka kubishania kiwanja cha Mbagala hatakusimulia jinsi mama alivyokuwa anaimba.

Kuhakiki na kuacha

Habari zitagongana. Mjomba atasema bibi alikuja mjini kwa treni kumfuata mume, shangazi atasema alitoroka ndoa. Usiamue wewe. Andika zote mbili, kila moja na jina la msimulizi. Kwa tarehe fuata daftari au cheti. Kwa mambo ya moyo waache wasimulizi wapingane.

Yapo ya kuacha. Kipimo changu ni aliye hai: kama sentensi itamvunjia mtu heshima au ndoa leo, inatoka, hata kama ni kweli na ni tamu. Jina la ugonjwa nalo si la lazima. Lakini usiondoe ukali wake, madeni aliyodai, wala kipindi alichoacha kuongea na dada yake. Bibi asiye na kasoro hata mmoja wenu hatamtambua.

Ukimaliza, nenda tena kwa wale wa mkekani uwasomee kwa sauti. Wengine macho yameisha, na masikio ya mzee hunasa kosa ambalo jicho la kijana linaliruka. Atakwambia "si hivyo" mara nyingi. Ndicho ulichokifuata.

Kitabu

Kurasa 40 hadi 60 za ukubwa wa nusu ya A4 zinatosha, na bado zinabanika kwa pini za katikati. Anza na ile siku yake ya kawaida, siyo kuzaliwa. Kisha maisha kwa mpangilio wa mahali alipoishi, chumba kwa chumba, mtaa kwa mtaa. Kwa mwanamke wa mjini hii hushika vizuri kuliko mpangilio wa miaka. Fuata na majina ya ukoo kuanzia wazazi wake hadi vilembwe, mapishi, kanga, na mwishoni maneno aliyozoea kuyasema. Kila sura iachiwe ukurasa mtupu wa masahihisho.

Kwenye maduka ya uchapaji Kariakoo omba nakala moja ya majaribio uione kabla ya kuagiza zote, hasa picha, maana za zamani zikichapwa hovyo nyuso zinageuka weusi mtupu. Ndani tumia nyeusi na nyeupe, rangi iwe jaladani tu; bei inashuka sana. Nakala ya simu itumwe kama faili la PDF. Ukituma kurasa kama picha, WhatsApp itazibana maandishi yasisomeke.

Mchango wa kitabu usiombe mara tu baada ya msiba, watu mifuko imekauka. Subiri misa ya mwaka, dua, au siku ya kujengea kaburi, ndipo kisomwe na kugawiwa. Faili lenyewe, pamoja na sauti na picha zote, likae kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na mmoja wao awe kijana mwenye mazoea ya kubadilisha simu bila kupoteza vitu vyake. Masahihisho yatakayoandikwa kwenye kurasa tupu yarudishwe kwa mwandishi kabla ya toleo la pili.